Mvua Ndani ya Nyumba ya Kusubiria

Ukitaka kumkasirisha 'Mamotebang wa kijiji cha Ha Ramokoatsi, mwambie kwamba anapamba nyumba. Ataweka uma wake chini, atakutazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha atakuuliza kama mumewe naye anapamba shamba anapopita na ng'ombe wa kulimia. Kwake kazi ni moja. Mwanamume analima mteremko, mwanamke analima ukuta, na wote wawili wanaomba mvua. Hata jina la kazi yenyewe linasema hivyo: litema, yaani matuta. Sisi tuliopanda milima hii na Kiswahili chetu tulilielewa neno hilo siku ya kwanza, maana lima ya kwetu na lema ya kwao ni ndugu wa tumbo moja.

Udongo aliuchimba mwenyewe kando ya kijito. Aliuchanganya na mavi mabichi ya ng'ombe, akaukandika ukutani kwa kiganja, na ungali unyevu akaugawa miraba na kuuchora kwa uma wa kulia chakula, uma wenyewe umekatika jino moja. Kila mraba ulimjibu mwenzake, huu matuta yanashuka, ule yanapanda, na jua la asubuhi lilipopiga ubavuni ukuta mzima ulionekana unatembea. Mvua ilipokuja ikaufuta, 'Mamotebang alitoka nje akiwa ameridhika kabisa. Kwake hiyo ilikuwa na maana kwamba wazee walio chini ya ardhi wamesikia, na sasa apewe udongo mwingine aanze upya. Majirani zake walikuwa wamehamia kwenye matofali ya saruji na rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta aliiita ngozi ya chura, na aliisema hivyo mbele ya wenye nyumba, wakiwa wanamkaribisha chai.

Huyo ndiye mtu aliyefuatwa na Relebohile, msichana mtafiti kutoka chuo kikuu cha bondeni. Relebohile alikuwa amezaliwa na kukulia Maseru mjini. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini binadamu akiingia jengo moja moyo unatulia, na akiingia jingine anatafuta mlango wa kutokea. Hospitali ya misheni iliyo chini ya Ha Ramokoatsi ilikuwa imejenga nyumba ya kusubiria, wanakokaa wanawake wa vijiji vya mbali mimba zao zinapokuwa nzito, ili theluji na mito isije ikawafungia njia. Nyumba hiyo ilikuwa na sebule mbili. Moja ilipakwa rangi ya kijani, ikawekwa maua ya plastiki na picha kubwa ya msitu wa nchi za watu. Ya pili alipewa Relebohile aifanyie utafiti wake. Hospitali ilitaka kujenga nyumba nyingine kubwa zaidi, na sebule itakayopendwa na akina mama ndiyo itakayofuatwa kwenye jengo jipya.

"'Mè, nimeambiwa wewe ndiye fundi," Relebohile alisema, akimwita mama kwa lugha yao, baada ya salamu kwisha.

"Umeambiwa na nani? Maana kama ni huyu jirani yangu wa kushoto, hakusema fundi. Alisema mchawi wa mavi ya ng'ombe."

Relebohile akacheka, akakaa chini bila kungoja kiti, na hapo 'Mamotebang akaanza kumpenda.

"Zamani watafiti walianzia dirishani," msichana alieleza. "Wakaona mgonjwa anayetazama miti anapona upesi kuliko anayetazama tofali. Basi kila mtu akakimbilia miti. Wakaja na mimea kwenye vyungu, wakaotesha mpaka kwenye kuta. Siku hizi maswali yamepanuka. Mwanga unaosogea, mbao unazoweza kuzigusa, harufu, sauti ya maji, michoro inayojirudia kama majani yanavyojirudia. Ila wengi wanachunguza watu waliozoea misitu. Mimi nataka kumjua mama wa huku, ambaye hajawahi kukaa chini ya msitu maisha yake yote. Ukimletea asili ndani ya nyumba, unamletea nini?"

"Kwa hiyo mmesoma miaka yote hiyo kujua kwamba mtu anapenda kwao."

"Na wewe, 'Mè, umechora miaka yote hiyo bila kujiuliza kwa nini watu wanapenda. Tumelingana."

'Mamotebang alimtazama vizuri. Si kila siku mtu alimpa vidonge vyake akamwacha anacheka. "Sawa," alisema. "Nitalima sebule yako. Ila kuna tatizo moja, na hilo hamkulisoma. Mle ndani mvua hainyeshi. Nikichora ukuta, nani ataufuta? Ombi litakaa ukutani limekodoa macho, halijibiwi."

Relebohile akaliandika swali hilo kwenye daftari lake.

Mwingine aliyekuwa na neno alikuwa Nesi Puseletso, msimamizi wa nyumba ya kusubiria, mwanamke wa sabuni na maji ya moto. Alitaka ukuta wowote uwe wa kufutika kwa kitambaa, au basi matuta yapakwe vanishi. 'Mamotebang akasema ukuta wenye vanishi ni maiti iliyovalishwa. Wakavutana, wakapatana: vyumba vya kulala vibaki na rangi ya kufutika, sebule ndiyo ilimwe, na bila vanishi. Nesi alikubali huku amenuna.

Lakini usidhani 'Mamotebang alipigania udongo tu. Binti yake, Keneuoe, alikuwa amerudi nyumbani kwa mama kuzaa, kama inavyopasa kwa mtoto wa kwanza. Mimba yake ya nyuma ilikuwa imeharibika huko kwa mumewe, ng'ambo ya safu mbili za milima, na safari hii nesi alisema asilale mbali na hospitali hata siku moja. Kwa hiyo Keneuoe angesubiri katika nyumba ileile, na mama mtu alitaka binti yake aingie mahali ambapo mwili wake utajua umefika. Jambo hilo hakumwambia Relebohile. Alilima tu.

Na alilima kweli. Alichagua udongo mwekundu kwa miraba ya chini na mweupe kwa ya juu. Akaweka matuta, mbegu, na jani la mshubiri lililofunguka, upande huu na upande ule, mpaka mkono ukafa ganzi. Dirisha lilikuwa la mashariki. Asubuhi ya kwanza jua lilipoingia, wanawake waliokuwa wakinywa uji wa mtama waliusogelea ukuta vikombe mkononi. Mmoja akasema, "Hili ni shamba la mama yangu, baada ya kulima." Mwingine akasema hapana, ni la kwao. Wakabishana hivyo mpaka uji ukapoa, na Relebohile, aliyekuwa akiwapima mapigo ya moyo, alitabasamu peke yake pembeni.

Laiti 'Mamotebang angeishia hapo. Lakini mtu aliyesifiwa asubuhi nzima ana hatari yake. 'Mamotebang aliutazama mlango wa sebule, mlango wa kutokea nje, akaona uko mtupu mno. Akashuka kijitoni, akakata tete refu zuri, akalisimamisha juu ya mlango.

Milimani, tete juu ya mlango lina kauli moja: humu mtoto amezaliwa, mzazi amefungiwa ndani, wanaume wakae mbali. Keneuoe alipoliona aliguna.

"'Mè, tete kabla ya mtoto?"

"Hii si nyumba ya mtu mmoja, ni nyumba ya uzazi. Wanaozaa wanapita hapa kila juma. Tete litadanganya nini?"

"Mimi sijui. Naona tu limewahi."

"Wewe ulifundishwa na nani mambo ya tete? Si mimi?"

Keneuoe akaenda zake. Relebohile alikuja, akalisifu, akasema ni mali ya asili isiyopakwa chochote na linakaa vizuri na mistari ya ukuta. Binti wa mjini alilijua tete kwa jina tu. Kwa hiyo aliyejua alikuwa na kiburi, na asiye na kiburi hakujua, na tete likabaki palepale.

Sasa akaja Molikeng, mume wa Keneuoe. Alikuwa amepanda farasi kutoka ng'ambo ya milima, blanketi limetapakaa vumbi, mkononi ngozi laini ya kondoo ya kumlazia mtoto atakapokuja. Alikunja kona ya uzio, akainua macho, akaona tete. Akavuta hatamu, farasi akasimama. Akawaza: amezaa. Akawaza tena: mbona sikuambiwa? Mtoto akiwa wa kiume, baba hupigwa fimbo na anayeleta habari. Akiwa wa kike, humwagiwa maji. Yeye alikuwa mkavu, na mgongo hauumi. Lakini tete halina mzaha, na mwanamume hasogelei mlango kama ule. Akaiacha ngozi kwa mlinzi wa geti, akageuza farasi, akaenda zake akiimba.

Kilichofuata kwa wakwe wa Keneuoe mtu anaweza kukikisia. Pombe ya mtama ikapikwa. Kondoo akachinjwa. Mama yake Molikeng akajifunga blanketi lake la sherehe, akawakusanya wenzake, wakateremka milima wakipiga vigelegele kila walipofika kilele. Walipoingia uani mwa nyumba ya kusubiria, wanawake wote walitoka kuona kuna nini, na Keneuoe naye akatoka, tumbo mbele.

Vigelegele vilikatika katikati.

"Mtoto yuko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Bado yumo, 'Mè," Keneuoe akajibu.

Kwingine watu wangecheka. Pale hakucheka mtu. Kumshangilia mtoto ambaye hajatoka ni kumwita kabla hajawa tayari, na kila aliyesimama uani alijua kwamba yule binti ameshapoteza mmoja. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa pindo la blanketi. Keneuoe aliketi chini hapohapo alipokuwa.

"Wa kwanza alipotea bila kutangazwa," alimwambia mama yake jioni, bila kumtazama. "Huyu mmemtangaza. Haya."

Ndipo mengine yakajulikana. Waume wengine nao walifika uzioni, wakaona tete, wakarudi. Wake zao ndani walikuwa wanalala na kinyongo, wakidhani wametelekezwa. Kesho yake wanawake walibeba mablanketi yao wakahamia sebule ya kijani, mmoja baada ya mwingine, wakimpita 'Mamotebang kwa heshima zote, na heshima ile ilimchoma kuliko matusi. Keneuoe alihama nao. Nesi Puseletso alikuja na kitambaa akafuta picha ya msitu mpaka ikang'aa.

"Wanakaa kule," Relebohile alisema. Walikuwa wawili tu mbele ya ukuta. "Na vipimo vyao ni vibaya, 'Mè. Hata wakija hapa kwa dakika chache, mioyo inakwenda mbio. Hospitali wataniuliza, nami sitaweza kudanganya."

"Usidanganye."

"Kosa ni la wote wawili. Mimi nililisifu."

"Wewe ulilisifu. Aliyelipandisha ni mimi, na mwanangu aliniambia." 'Mamotebang akavuta benchi, akapanda, akalishusha tete kwa mikono yake. Hakulitupa. Alilifunga ndani ya blanketi lake kuukuu, akaenda nalo nyumbani, na njia nzima alikuwa na aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima aliyeshindwa mbele ya watoto. Alifikiria kurudi na jembe akwangue ukuta wote mwenyewe, kabla hawajaja wa rangi ya mafuta. Hofu ndiyo iliyomzuia, si ukosefu wa nguvu. Mtoto akipata neno, alijiambia, itakuwa ni mimi.

Siku zilizofuata alikuja kila asubuhi akakaa katika sebule yake tupu. Mtu mmoja tu alikuwa naye humo: Molikeng. Alikuwa amerudi na mama yake siku ya aibu na hakuondoka tena, na kwa kuwa sebule ya kijani imejaa wake za watu, alijificha kwenye ile isiyo na mtu. Mkwe na mkwe wanaheshimiana, hawapigi soga. Walikaa kila mmoja ukutani kwake, wakisalimiana tu kwa adabu kubwa.

Uchungu ulimjia Keneuoe asubuhi, jua limeshaingia dirishani. 'Mamotebang alisikia nyayo, akainua kichwa, akamwona binti yake amesimama mlangoni mwa sebule iliyolimwa, mkono kiunoni.

"Nimekuja kutembea," Keneuoe alisema. "Kule siwezi. Lile lisitu linanitia kizunguzungu. Nikilitazama sijui njia ya kutokea iko wapi."

"Na hapa?"

"Hapa najua." Akaweka vidole kwenye tuta la kwanza, akalifuata mpaka mwisho wa mraba, akapumua, akashika la pili. Maumivu yalipokuja alisimama kwenye mbegu. Yalipopita akaendelea kulima. 'Mamotebang alimfuata nyuma, mkono mgongoni mwake. Molikeng aligeukia dirisha. Relebohile alifungua mlango akiwa na kifaa chake cha kupimia mapigo, akawaona, akakitia kifaa mfukoni, akasimama tu. Walizunguka sebule hivyo mpaka vidole vya Keneuoe vikawa vyekundu kwa udongo, na nesi alipokuja kumchukua kwenda kuzaa alimwambia, "Nawa hiyo mikono kwanza," naye akacheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ya vigelegele.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Nisikutie presha kama tulivyotiwa sisi tuliokuwa Ha Ramokoatsi: mtoto alizaliwa mzima, wa kike, na sauti kama ya bibi yake. Nesi Puseletso alileta habari kwa 'Mamotebang kule koridoni, kwa kunong'ona, na 'Mamotebang alimkumbatia mpaka kofia ya nesi ikaanguka. Kisha akajifuta macho, akawa yeye tena. Akatafuta beseni, akalijaza maji.

"Ausi Relebohile, dada yangu, njoo hapa. Kule sebuleni amekaa baba wa mtoto, na amekauka. Mimi mkwe wake siwezi kumfanyia. Utakwenda wewe."

"Nimfanye nini?"

"Mmwagie."

"Ndani ya nyumba?"

"Ulitaka kujua asili ya watu wa huku. Haya, beba."

Relebohile alibeba. Alikuwa na mkono wa mtu wa vipimo vidogo, haukuzoea beseni. Alisukuma mlango kwa goti, Molikeng akageuka, na msichana, kwa woga, akafumba macho na kurusha. Nusu ilimpata Molikeng kifuani. Nusu nyingine ilipita juu ya bega lake ikapiga ukuta, katikati kabisa ya ule mraba wa mbegu.

Molikeng alisimama anachuruzika. "Wa kike," alisema, kisha akakaa tena, akalia huku anacheka.

Relebohile hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama ukuta. Matuta yalikuwa yanayeyuka, udongo mweupe unashuka juu ya mwekundu, kazi yote ya utafiti wake inatelemka kuelekea sakafuni. "'Mè, nimeuharibu," alisema. "'Mè, nisamehe. Nimeuharibu."

'Mamotebang, aliyekuwa amemfuata nyuma, akavuta pumzi. Harufu ilikuwa imeshapanda. Ni ile harufu ya mlimani baada ya kiangazi kirefu, matone ya kwanza yanapoligusa shamba lililolimwa, na watu wanatoka nje bila kuitwa. Ilijaa sebuleni, ikatoka mlangoni, ikafuata koridoni. Ikaifikia sebule ya kijani. Mwanamke wa kwanza alichungulia, tumbo likatangulia, akauliza kama kunanyesha. Nyuma yake wakaja wengine. Waliingia, wakamwona Molikeng aliyelowa, wakaelewa, na safari hii vigelegele havikukatika. Mmoja alikaa kwenye benchi, halafu mwenzake, wakivuta pumzi kwa nguvu, na hakuna aliyerudi kule alikotoka.

"Pula," alisema 'Mamotebang taratibu, yaani mvua, kama watu wa huku wanavyosema wakiona neema.

Nesi Puseletso alifika mwisho, akaona tope sakafuni, akashika kiuno. Akavuta harufu. Akashusha mikono. "Nani atasafisha hapa?" aliuliza, lakini sauti haikuwa na ukali.

"Nitasafisha mimi, halafu nitalima upya," 'Mamotebang akasema. "Niletewe udongo. Na kila mtoto akizaliwa hapa, mtu alete beseni."

Lile tete lilisimamishwa baada ya siku chache juu ya mlango wa nyumba ya 'Mamotebang mwenyewe, mlango wenye mzazi na mtoto ndani, na Molikeng alipofika uani alisimama mbali, akalitazama, akatabasamu. Lakini siku ile ya beseni Relebohile alikuwa bado amesimama katikati ya sebule iliyojaa wanawake, viatu vimelowa, hajui aanzie wapi.

"'Mè, hospitali wataniuliza kwa nini walirudi wote kwa mara moja," alisema. "Niwaandikie nini?"

'Mamotebang alikuwa ameshapiga magoti mbele ya ukuta, anakusanya udongo kwa kiganja, uma mdomoni. Akautoa.

"Andika kulinyesha," alisema.